Upanga wa Pambano la Wawili Mezani: Mwongozo kwa Waendesha Mchezo

Fungua jedwali la silaha la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la 2014, utafute rapia, ule upanga mwembamba mrefu wa kudunga. Utakuta dadu la pande 8 kwa madhara, uzito wa ratili 2, bei ya sarafu 25 za dhahabu, na ruhusa ya kutumia wepesi wa mhusika badala ya nguvu zake. Angalia upanga mrefu: ukishikwa kwa mkono mmoja, nao unatumia dadu lile lile la pande 8. Sasa tazama kila silaha inafika wapi. Rapia, futi 5. Upanga mrefu, futi 5. Jambia, futi 5. Kwa jedwali hilo, mwenye kisu na mwenye chuma cha zaidi ya mita moja wanasimama mahali pamoja na kupeana zamu ya kupiga.

Hapo ndipo pambano linapokufa. Miaka 400 iliyopita watu waliandika vitabu vizima kuhusu sentimita chache za urefu na nusu pumzi ya muda, kwa sababu uhai wao ulitegemea hayo. Upanga wa pambano la wawili hautambuliki kwa ukubwa wa jeraha, maana kila upanga unaua. Unatambulika kwa mahali unapofika, wakati unapofika, na makubaliano yaliyofanya uchomolewe alani. Mambo hayo matatu yanaweza kuingia mezani bila kutupa kanuni mlizozizoea, na ndiyo kazi ya mwongozo huu, kwa kikundi cha watu wanne au watano wanaokutana Jumamosi jioni Nyegezi, Kirumba au Igoma, hapa Mwanza.

Kama mchezo wenyewe ni mgeni kwako: mwendesha mchezo anasimulia dunia, kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi, na jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa dadu. Kanuni za msingi za toleo la 2014 ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo unazipakua bure na kuzichapa steshenari yoyote mjini bila kuvunja haki ya mtu. Dadu la pande 20 kama hamna, programu ya simu inatosha. Ongeza manila moja, mkasi, kalamu na vizibo vitatu vya soda.

Hatua ya 1: Chagua zama kwanza, upanga baadaye

Vitabu vingi vya michezo hupanga silaha za miaka 500 kwenye ukurasa mmoja, kana kwamba zote zilining'inia duka moja. Usianze hivyo. Karne ya 15 huko Ujerumani watu walipambana kwa upanga mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na wakati mwingine pambano lenyewe lilikuwa hukumu: kesi iliyokosa ushahidi iliamuliwa uwanjani. Bwana mmoja wa fani hiyo, Hans Talhoffer, aliacha miswada yenye picha za mapambano ya namna hiyo, silaha kwa silaha.

Karne ya 16 inaleta rapia kutoka Hispania na Italia. Huu ni upanga wa raia, wa kuvaliwa kiunoni mjini pamoja na koti zuri, na chuma chake mara nyingi kinazidi mita moja. Mkono wa kushoto haukai bure: unashika jambia, joho lililozungushwa mkononi, au ngao ndogo. Kuelekea mwisho wa karne ya 17 na karne yote ya 18 mabwana wanahamia kwenye upanga mdogo, wenye chuma cha sentimita 80 hivi na uzito wa nusu kilo na ushei. Mwingi wa aina hii ulikuwa na chuma cha pande tatu kisicho na makali kabisa. Kazi yake ni ncha tu. Karne ya 19 ina epe, upanga mwembamba wa kudunga, kwa Wafaransa, na kitara, ule upanga uliopinda, kwa maofisa wa Hungaria na Italia.

Mimi nashauri uanze na rapia, kati ya miaka ya 1550 na 1630. Mabwana wa upanga waliandika sana kipindi hicho, silaha ni ndefu kiasi kwamba umbali una maana, na mkono wa kushoto bado una kazi. Ukichagua upanga mdogo, pambano litakuwa la kasi na la ncha tupu. Ukichagua kitara, litakuwa la kukatana na litaonekana zaidi machoni mwa wachezaji, ila hila za umbali zitapungua.

Hatua ya 2: Shika uzito kabla ya kuandika namba

Rapia nyingi zilizobaki hadi leo zina kilo 1 hadi 1.3 hivi. Chukua pakiti ya kilo moja ya sukari, nyosha mkono mbele usawa wa bega, kaa hivyo ukihesabu hadi 60. Bega litaanza kuwaka kabla hujamaliza. Na kumbuka sukari imekaa kiganjani. Rapia inaendelea mbele ya mkono kwa zaidi ya mita, na ncha inatakiwa isitikisike. Fanyeni zoezi hili mezani, kila mtu kwa zamu yake. Baada ya hapo hakuna atakayeamini tena kwamba rapia ni silaha ya dhaifu mwenye miguu myepesi. Upanga mrefu wa mikono miwili haukuwa mzito kuizidi sana, na ulikuwa na mikono miwili ya kuubeba.

Michezo imekosea na upande wa pili pia. Toleo la 1989 la mchezo huo huo liliupa upanga mkubwa wa mikono miwili ratili 15, karibu kilo 7. Panga halisi za vitani za aina hiyo kwa kawaida zilikuwa kati ya kilo 2 na 3.5. Mwandishi anayedhani upanga ni nondo ya ujenzi ataandika kanuni za watu wanaopigana kwa nondo.

Kwa hiyo ongeza kanuni moja ndogo: mhusika mwenye nguvu chini ya 10 anayepigana kwa rapia, kuanzia raundi ya 7 anarusha dadu mbili kwa kila shambulizi na kuchukua ndogo. Wepesi wake unaendelea kumsaidia. Bega ndilo linalochoka.

Kuna zoezi la pili ambalo kwangu ni muhimu kuliko lile la sukari. Mchezaji mpya hapa kwetu amekua akiona panga la kufyekea. Akisikia upanga, akilini mwake mkono unapanda juu na kushuka. Tafuta ufito mnyoofu wa kama mita 1.2, simama umwelekezee kifuani ukiwa umeacha nafasi ya kutosha, kisha mpe rula ya sentimita 30 na umwambie akusogelee taratibu. Atakwama. Ataangalia ncha, ataipisha kushoto, nayo ncha itamfuata kwa kusogeza kiganja tu, wakati yeye inambidi ahamishe mwili mzima. Mwache hapo kidogo atafute njia. Akishajua kwa mwili wake kwamba hawezi kuingia bila kwanza kuusukuma ule ufito kando, umemaliza nusu ya mafunzo.

Hatua ya 3: Weka umbali mezani

Ridolfo Capo Ferro, aliyechapisha kitabu chake Italia mwaka 1610, aligawa umbali hivi: kuna umbali mpana, ambapo unamfikia mpinzani kwa kuchupa hatua ndefu, na umbali mwembamba, ambapo unamfikia kwa kuinamisha mwili bila mguu kuhama. Wengine wa zama zake walikuwa na mgawanyo wao, lakini wazo ni lile lile, na linafaa sana mezani.

Kata utepe wa manila, uugawe visanduku vitatu: Mbali, Ncha, Mwilini. Kizibo kimoja kinakaa juu yake kuonyesha wapiganaji wote wawili wako umbali gani kati yao. Hakuna ramani ya vyumba vya mraba, hakuna kuhesabu futi.

Kisha kila silaha ipewe urefu. Jambia 1. Upanga mdogo 2. Upanga mrefu na kitara 3. Rapia 4. Mkiwa Mbali hakuna anayemfikia mwenzake. Mkiwa kwenye Ncha, mwenye silaha ndefu anaongeza 2 kwenye shambulizi lake, na mwenye urefu 1 hawezi kushambulia kabisa. Mkiwa Mwilini mambo yanageuka: mwenye rapia anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo, isipokuwa ana jambia mkono wa kushoto, ambalo hapo linapiga kama kawaida.

Huo mgeuko wa mwisho haukubuniwa ili mchezo uwe sawa kwa wote. Mwingereza George Silver, aliyeandika mwaka 1599 akiipinga rapia kwa nguvu zake zote, alilalamika kwamba ni ndefu mno: mtu akishapita ncha yake, mwenye rapia hawezi kuirudisha kwa wakati. Hata serikali ya Uingereza ililiona suala la urefu. Enzi za Malkia Elizabeth I zilitolewa amri za kuzuia panga zinazozidi yadi moja na nusu robo, yaani sentimita 103 hivi za chuma, na zilizozidi zilivunjwa. Mtawala hajisumbui kupima panga za raia kama urefu hauna faida. Amri ya namna hiyo inafaa sana kuingizwa kwenye hadithi yako: mhusika anafika lango la mji na rapia ya urithi, na mlinzi ana kipimo mkononi.

Hatua ya 4: Futa zamu

Kupeana zamu ndiko kunakoharibu pambano la wawili kuliko kitu kingine chochote. Mmoja anapiga, mwingine anasubiri; mwingine anapiga, wa kwanza anasubiri. Katika pambano halisi wote wawili wanatenda kwa pamoja bila kujua mwenzao anataka nini, na humo ndimo woga unamokaa. Watengenezaji wa michezo walilijua hili mapema. En Garde!, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1975 kuhusu Ufaransa ya karne ya 17, uliwataka wapiganaji waandike mfululizo wa mapigo kwa siri, kisha wayafunue pigo kwa pigo.

Kata karata 6 kwa kila mpiganaji: Dunga, Kata, Kinga, Hila, Ingia, Rudi. Kila raundi, wote wanaweka karata moja kifudifudi. Mwendesha mchezo anahesabu hadi tatu, zinafunuliwa pamoja.

Dunga na Kata ni mashambulizi ya kawaida: dadu la pande 20, ongeza bonasi ya shambulizi, linganisha na namba ya ulinzi ya mpinzani. Wote wakishambulia, wote wanarusha, na wote wanaweza kuumia. Usiwahurumie hapo. Kudungana kwa pamoja kulikuwa hofu kubwa ya kila mwalimu wa upanga, kwa sababu ushindi wa namna hiyo una makaburi mawili.

Kinga ikikutana na shambulizi, mkingaji anarusha dadu lake na kuongeza bonasi yake mwenyewe ya shambulizi. Jumla ikizidi namba yake ya ulinzi, inachukua nafasi yake kwa raundi hiyo. Shambulizi likikosa, mkingaji anajibu papo hapo kwa pigo moja. RuneQuest, tangu 1978, ilimpa anayeshambuliwa haki ya kurusha dadu lake la kukinga, na mmoja wa waandishi wake, Steve Perrin, alikuwa mtu wa kupigana kwa silaha za mazoezi. Inaonekana. Mchezaji anayerusha dadu la kujiokoa anakaa mbele ya kiti. Anayesubiri kuambiwa kama ameumia anashika simu.

Hila ni pigo la uongo. Ikikutana na Kinga, mwenye hila raundi inayofuata anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Ikikutana na Dunga au Kata, mshambuliaji ndiye anayepata dadu mbili, maana umemdanganya mtu asiyekutazama.

Ingia inapunguza umbali kwa kisanduku kimoja. Kutoka Mbali kwenda Ncha ni bure. Kutoka Ncha kwenda Mwilini, kama mpinzani ameshambulia raundi hiyo, shambulizi lake linaamuliwa kwanza. Ukiponea kwa mkwaruzo au bila kitu, umeingia. Rudi inaongeza umbali kisanduku kimoja. Kata haimfikii anayerudi. Dunga inaweza kumfikia, kama silaha ya mshambuliaji ni ndefu kuliko yako, lakini anarusha mbili na kuchukua ndogo. Ingia na Rudi zikikutana, kizibo hakisogei.

Wachezaji wenye uwezo maalumu wa kupigana, kama vile kujibu pigo au kuchupa mbali zaidi, wasipoteze kitu. Uwezo wa kujibu unampa mhusika pigo la kujibu hata kama karata yake ilikuwa Rudi. Wa kuchupa unamwongezea urefu 1 kwa Dunga moja. Mengine yaamueni mezani kwa roho hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Jeraha badala ya pointi za uhai

Hesabu hii ifanye mwenyewe. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye afya ya kutosha kwa kawaida ana pointi 44 za uhai. Rapia ya mpinzani wa ngazi hiyo, pamoja na bonasi zake za kawaida, inatoa wastani wa 9.5. Kwa hiyo inabidi adungwe mara tano, katikati ya mwili, kwa chuma cha mita moja. Kwa vita na mazimwi hilo linakubalika, lakini watu wawili waliovaa shati tupu alfajiri hawapigani hivyo.

Ndani ya pambano, weka pointi za uhai kando. Chukua jumla ya shambulizi, toa namba ya ulinzi. Tofauti ya 0 hadi 4 ni mkwaruzo: damu inaonekana, hakuna zaidi. Tofauti ya 5 hadi 9 ni jeraha. Kuanzia 10 ni jeraha zito, na pambano la mtu huyo limekwisha. Dadu likionyesha 20 yenyewe, panda daraja moja.

Kisha tenganisha kata na dunga, maana hapa jedwali la kawaida linatuibia utajiri mkubwa. Pigo la kukata linafanya kazi mara moja: ukiwa na jeraha la kukatwa, mshambuliaji anachagua mkono au mguu. Mkono, unarusha mbili na kuchukua ndogo kwa kila shambulizi. Mguu, karata za Ingia na Rudi unazikabidhi kwa mwendesha mchezo. Pigo la kudunga linaingia ndani zaidi, kwa hiyo ongeza 2 kwenye tofauti, lakini matokeo yake yanasubiri hadi mwisho wa raundi inayofuata. Aliyedungwa bado ana raundi moja kamili ya kukuua. Tundu la rapia ni dogo, na watu waliokwisha kupata jeraha la kifo waliendelea kupigana kwa muda wa kutosha kumchukua mwenzao.

Mfano

Nahodha ana rapia, bonasi 6, namba ya ulinzi 13. Askari wa bandari ana kitara, bonasi 5, ulinzi 12. Wote wamevaa shati. Sharti: hadi mmoja ashindwe kuendelea.

Wanaanza Mbali. Raundi ya 1, Nahodha anaweka Ingia, Askari Kinga. Kizibo kinasogea kwenye Ncha. Raundi ya 2, Nahodha anaweka Hila, na Askari, ambaye anaiogopa ile ncha, anaweka tena Kinga. Nahodha amepata dadu mbili. Raundi ya 3 Askari anaona akiendelea kukinga atakwisha, anaweka Kata. Nahodha anaweka Dunga. Nahodha anarusha 9 na 14, anachukua 14. Na bonasi 6, na 2 za urefu, inakuwa 22. Toa 12, tofauti 10, ongeza 2 za kudunga: jeraha zito. Lakini Askari naye anarusha 11, na bonasi inakuwa 16, tofauti 3 juu ya ulinzi wa Nahodha. Mkwaruzo kwenye kigasha.

Askari amekwisha, ila bado hajaanguka. Raundi ya 4 ni yake. Anaweka Ingia, akitaka kufa na mtu mwilini. Nahodha, kama amefundishwa, anaweka Rudi, na chuma kinabaki kati yao hadi mwisho wa raundi. Angekuwa na tamaa akaweka Dunga ya pili na kukosa, Askari angekuwa ameshamfikia. Walimu wa zamani walirudia sana hilo, kupiga na kuondoka kwa usalama, na kanuni za kawaida hazina sababu yoyote ya kumfanya mchezaji alifanye.

Hatua ya 6: Masharti, na kazi kwa waliobaki mezani

Pambano la wawili lina tatizo la wazi: wachezaji wengine watatu wanakodoa macho. Historia inatupa dawa. Kila mpiganaji alikuwa na msaidizi wake, na msaidizi ndiye aliyekubaliana na wa upande wa pili kuhusu silaha, mahali, saa na kikomo. Wape wachezaji hao kazi kabla ya karata kukatwa. Wajadiliane, mmoja akimsemea mhusika wa kikundi na mwingine akimsemea adui. Mmoja mpe karata za adui acheze yeye. Utashangaa jinsi rafiki anavyocheza kwa bidii dhidi ya rafiki. Kila msaidizi apewe neno moja la kusimamisha pambano, na akilitumia vibaya, aibu ni ya upande wake.

Sharti la kikomo ndilo linalobadilisha upanga kuliko chuma chenyewe. Kwa damu ya kwanza, mkwaruzo ni ushindi, na mkono unakuwa shabaha bora kuliko kifua. Mwaka 1967 wanasiasa wawili wa Ufaransa, Gaston Defferre na René Ribière, walipambana kwa epe karibu na Paris baada ya matusi bungeni. Ribière alijeruhiwa mkononi mara mbili, ikaishia hapo. Kwa kifo, kila kitu ni tofauti. Mwaka 1547, mbele ya Mfalme Henri II wa Ufaransa, bwana mmoja aitwaye Jarnac alimkata mpinzani wake La Châtaigneraie nyuma ya goti. Huyo alikuwa mpiganaji mashuhuri ambaye wengi walimtarajia ashinde, naye alikufa kwa jeraha hilo. Pigo la mguuni, ambalo mchezaji wako angelidharau, liliamua pambano lililoangaliwa na mfalme.

Silaha za pande mbili zikaguliwe pia. Mwaka 1578 huko Paris, Quélus, kipenzi cha Mfalme Henri III, alifika na upanga tu, mpinzani wake akiwa na upanga na jambia. Quélus alilalamika, pambano likaendelea, naye akakaa zaidi ya mwezi akiugua majeraha kabla ya kufa. Wasaidizi siku ile nao walipigana, na wengine wao wakafa. Hapa una mambo mawili ya kuchukua: jambia la kushoto lipewe uzito wake, na aliyepata jeraha zito asife papo hapo bali arushe dadu la kustahimili siku kwa siku, tabibu akiwapo. Siku hizo za kitandani zina hadithi nyingi kuliko pambano lenyewe.

Sheria nayo isisahaulike. Ufaransa ilipokaza marufuku ya mapambano ya wawili mwaka 1626, mheshimiwa Montmorency-Bouteville alipambana hadharani Paris mwaka uliofuata na akakatwa kichwa. Mshindi wa pambano mezani kwako awe na sababu ya kukimbia.

Hatua ya 7: Uwanja

Ndugu zangu wa Mwanza, hapa tuna bahati. Mwambao wetu umejaa majabali yanayoteleza, mengine yameingia ziwani kabisa, na hakuna uwanja mzuri wa umbali kama jabali. Vile vizibo viwili vilivyobaki vitumie hivi: kila mpiganaji awe na hatua kadhaa nyuma yake kabla ya maji, tuseme mbili au tatu, na kila Rudi inakula moja. Ingia ambayo mpinzani hakuizuia inamrudishia mwenyewe hatua moja. Zikiisha, karata ya Rudi inatolewa mkononi. Mwenye rapia, ambaye uhai wake ni kurudi nyuma na kuweka ncha mbele, ghafla anahesabu.

Kwenye mtumbwi, ondoa kisanduku cha Mbali kabisa. Kwenye mchanga wa ufukweni, Dunga ya kuchupa ipunguzwe 2, kwa sababu mguu wa nyuma hauna pa kusukumia. Jua la asubuhi juu ya maji limpe mmoja dadu mbili raundi ya kwanza, na wasaidizi ndio wabishane nani asimame upande gani.

Hatua ya 8: Kama hadithi yako ni ya huku

Usihamishe rapia kuja Usukumani kana kwamba ilikuwepo. Silaha za huku zilikuwa mkuki, upinde na fimbo, na zinastahili karata zao. Upanga mnyoofu wa Oman, uliofika Zanzibar na pwani na ambao hadi leo unachezwa ngomani pamoja na ngao ndogo ya duara, una chuma kipana chepesi chenye ncha ya mviringo na mpini usio na kikinga mkono: urefu 3, Kata inaongezewa 1, Dunga inapunguzwa 2, na ngao inaongeza 2 kwenye Kinga. Sime, yenye makali pande zote mbili na inayopanuka kuelekea mbele, iwe urefu 2, na ikiwa Mwilini Kata yake inarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Silaha yoyote isiyo na kikinga mkono ina gharama: mwenye nayo akikinga na kushindwa, jeraha linakuwa la mkono daima.

Mkuki upe urefu 5, na fimbo ndefu vivyo hivyo. Wachezaji watakuuliza kama ni haki fimbo ya mchunga ng'ombe kuizidi rapia ya bwana wa Ulaya kwenye Ncha. Ni haki. George Silver yule yule aliiweka fimbo juu ya panga zote alizozijua. Fimbo ikipata jeraha la kugonga, lihesabu kama Kata ya mkono au mguu. Mwilini inapata hasara ile ile ya rapia, kwa hiyo mwenye rapia akikutana nayo atoe jambia la kushoto, aweke Ingia, na aombe raundi hiyo mwenzake awe ameweka Kinga.